Baba Mkwe Yuko Hewani

Jumamosi mchana, baada ya kumng'oa jino mgonjwa wake wa mwisho, daktari wa meno alirudi nyumbani, akavua koti jeupe, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama alivyozoea, kisha akaingia chumba cha redio na kufunga mlango. Wagonjwa wake walimwita Koleo, wengine mbele ya macho yake, naye hakuona ubaya. Mkewe alikuwa mkunga. Siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo alikuwa sebuleni akipiga pasi gauni la kazi.

Chumba cha redio kilijengwa kiwe cha mtoto. Mtoto hakuja, ikaja redio. Koleo alikuwa mwanaredio wa ridhaa, mmoja wa wale watu wenye leseni ya kuzungumza na wenzao duniani kote kwa mitambo yao wenyewe, bila mshahara na bila sababu ya maana. Watu hao wana tuzo zao, na iliyomkosesha Koleo usingizi ilikuwa tuzo ya minara ya taa. Unatafuta vituo vilivyofunguliwa ndani ya minara ya pwani na visiwani, unazungumza na kimoja baada ya kingine, mnapeana ripoti ya jinsi mnavyosikilizana, mnatumiana kadi za uthibitisho. Ukiimaliza minara yote ya pwani yako, chama kinakupa ngao ya shaba yenye jina lako. Kadi za Koleo zilijaa ukuta mzima, zimepangwa kufuata pwani kutoka kaskazini kwenda kusini, na katikati palikuwa na pengo moja la ukubwa wa kiganja.

Pengo hilo lilikuwa la mnara uliokuwa karibu kuliko yote. Ulisimama juu ya mwamba nje ya bandari ya mji wao wenyewe. Ukipanda paa la nyumba uliuona bila kukodoa macho. Lakini ulikuwa umezimwa tangu mlinzi wake afe, na hakuna aliyewahi kwenda kufungua kituo huko. Mlinzi huyo alikuwa baba wa mkunga. Koleo hakuwahi kumwona. Alimwoa binti akiwa tayari yatima.

"Mzee angekuwa hai," alipenda kusema mezani, "mimi ningekuwa nimeshamaliza."

Mchana huo, akizungusha kitufe cha masafa polepole, alisikia mtu anakohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu. Kisha sauti ikasema:

"Mwamba hapa. Mwamba hapa. Kuna mtu ananisikia?"

Koleo akatoa alama yake ya wito, zile herufi na namba zinazomtambulisha hewani, akarudia mara mbili kama taratibu zinavyotaka, akauliza anazungumza na nani.

"Mlinzi wa mnara. Boti haijaja na maji yameniishia."

"Wewe ndiye baba wa mkunga?"

"Binti yangu yuko shule. Anasema anataka kuwa mkunga."

"Amekuwa, baba. Mimi ndiye mumewe."

"Basi wewe ni mkwe wangu," mzee akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nina kiu, mwanangu."

"Nimekupata vizuri sana. Tano tisa. Naomba na wewe unipe ripoti yangu."

"Ripoti gani?"

"Jinsi unavyonisikia. Tano ni uwazi wa sauti, tisa ni nguvu yake. Sema tu tano tisa."

"Ulimi umenikauka, mwanangu."

"Sema kwanza, mzee wangu, mawimbi haya huwa yanakatika ghafla."

"Tano tisa," akasema mlinzi wa mnara.

Koleo akamshukuru, akamtakia mchana mwema, akatoka kwenda sebuleni akiwa na uso wa bwana harusi.

"Mnara wa mwisho nimeupata," akasema.

"Nani yuko huko?"

"Baba yako."

Mkunga akaisimamisha pasi wima ili isiunguze kitambaa. "Anasemaje?"

"Anasikika vizuri ajabu. Kama yuko jikoni hapo."

"Nimeuliza anasemaje."

"Anaomba maji," akasema Koleo.

Mkunga alipokuwa msichana wa bweni, mtu wa mamlaka ya bandari alikuja shuleni na godoro la baba yake limefungwa kwa kamba. Alimwambia kwamba mzee amefariki kwa moyo, akajipiga kifua kumwonyesha moyo unakaa wapi. Mama yake alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo godoro lilibaki kwake, na alililalia mpaka alipomaliza shule. Hakuwahi kusikia habari ya maji.

Zamu ya jioni alimwomba mwenzake amshikie. Akakaa mbele ya redio. Koleo akashika maikrofoni, kwa sababu mtu asiye na leseni haruhusiwi kuzungumza hewani, na adhabu yake ni kupokonywa mitambo. Mkunga alimwambia mumewe la kuuliza, naye akaliuliza.

"Binti yako anauliza, boti haikuja kabisa?"

"Ilipita," sauti ikasema. "Niliiona. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, imejaa watu wa suti na kofia, na muziki unapigwa. Nilisimama juu kabisa nikawapungia shati. Nao wakanipungia."

"Anauliza ulikunywa nini."

"Nilikunywa maji ya kusafishia lenzi. Yalipokwisha nikawa nalamba vyuma vya ngazi asubuhi, umande ukiwepo. Mwambie ana akili, asome tu."

"Anasema usome," Koleo akamwambia mkewe, ingawa alikuwa amesikia.

Wakati mzee anazungumza, chumvi laini ilidondoka kutoka kwenye matundu ya spika na kujikusanya mezani. Koleo akatandika gazeti ili isiingie kwenye swichi. Tangu siku ile hawakununua chumvi tena, na jirani aliyeonjeshwa mboga alisema ni chumvi nzuri, haina mchanga.

Kesho yake asubuhi mkunga alijaza jagi, akaliinua, akamimina maji yote ndani ya spika. Redio ikalia mlio mmoja na kutoa moshi. Koleo hakumpiga wala hakumtukana. Alifungua mashine, akaikausha kwa feni siku nzima, na alipomaliza akamwambia kwa upole, kama anavyowaambia wagonjwa wanaosogeza kichwa:

"Maji hayapiti huko, mwenzangu. Kinachopita ni sauti peke yake."

Chama cha wanaredio kilikutana Jumanne kujadili kadi ya Koleo. Katibu wa chama alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa haki, na alisoma kanuni zote kwa sauti tangu mwanzo. Kanuni zilitaka kituo kiwe ndani ya mnara au hatua chache kutoka kwenye ukuta wake. Zilitaka mnara uwe mnara wa kweli, si pambo la hoteli. Kuhusu mwendeshaji kuwa hai hazikusema lolote. Mjumbe mmoja alipinga, akidai kwamba kumpa tuzo mtu aliyezungumza na baba mkwe wake ni upendeleo wa kifamilia. Wakapiga kura, na hoja yake ikaanguka.

Wiki ileile mkunga alikwenda ofisi ya bandari. Mkuu wa bandari alimpokea vizuri. Ofisi ilikuwa na zulia la kijani na kiyoyozi, na juu ya meza kulikuwa na boti ndogo ya mbao ndani ya sanduku la kioo, nyeupe. Mkuu alimkaribisha kiti, akamwagizia chupa ya maji baridi.

"Zamani zile mimi ndiye nilikuwa afisa wa vyombo," alisema kabla hajaulizwa sana. "Boti niliipanga mimi. Tulikuwa tunazindua gati jipya, na waziri alitaka kuzunguka baharini na wageni wake."

"Na maji ya baba?"

"Yalikuwa kwenye ratiba ya wiki inayofuata."

"Kwa hiyo hakufa kwa moyo."

"Moyo ulisimama, dada yangu. Hilo halina ubishi."

Mkunga akaitazama chupa ya maji. Ilikuwa inatoka jasho juu ya mkeka wake mdogo. Akasema baba yake bado ana kiu na anaomba apelekewe maji.

Mkuu wa bandari akaitikia kwa kichwa. Habari hizo alikuwa ameshazisikia, kwani yeye ndiye mlezi wa chama cha wanaredio. Alimweleza kwamba jina la mzee liliondolewa kwenye malipo mwezi uleule aliofariki, na maji ya umma hayawezi kupelekwa kwa mtu asiye mtumishi wa umma. Angependa sana, lakini wakaguzi wangemuuliza.

"Nitapeleka ya kwangu," mkunga akasema.

"Mwamba ule ni eneo la hatari. Chombo kitakachotia nanga pale bila kibali kinakamatwa."

"Basi nipe kibali."

"Vibali vya hatari havitolewi kwa mtu mmoja mmoja," akasema mkuu, akasimama kumfungulia mlango yeye mwenyewe. "Chukua maji yako. Usiyaache."

Mkunga alikwenda kwa wenye mashua. Wote walimsikiliza hadi mwisho, na wote walikuwa na watoto wanaotegemea mashua. Akarudi nyumbani na chupa ya mkuu wa bandari kwenye mkoba, haijafunguliwa.

Wakati huo habari za mnara zilikuwa zimeenea duniani. Mnara uliokuwa kimya miaka yote sasa ulikuwa unajibu, na wanaredio wa nchi ambazo mkunga hakujua zilipo walikaa foleni kwenye masafa kuanzia jua linapochomoza. Waliita wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa punje. Mzee alijitahidi. Alijifunza kumchagua mmoja, kumtaja kwa alama yake, kumpa tano tisa na kupokea yake. Baada ya kila mmoja alisema, "Na maji, tafadhali," na wao wakasema asante, wakamtakia kila la heri, wakaandika kadi.

Malalamiko yakaanza kufika kwa katibu. Watu walisema mwendeshaji wa mwamba ni hodari, sauti yake ni safi, ila anapoteza muda. Wengine walikaa mpaka mchana na mawimbi yakawafungia mlango kabla hawajafikiwa, yote kwa sababu ya neno moja lisilo la lazima. Katibu akampigia simu Koleo, amwelekeze baba mkwe wake, kwa kuwa maneno kama hayo ni vizuri yatoke ndani ya familia.

Koleo alifanya hivyo Jumapili, mkewe akiwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Baba, watu wengi wanakusubiri. Ukiomba maji kila mara, foleni haisogei."

"Nisipoomba watajuaje?"

"Wanajua, baba. Wote wanajua."

Spika ikatoa mvumo wa bahari kwa muda. Chumvi kidogo ikadondoka.

"Kumbe," mzee akasema. Kisha akauliza ni nani anayefuata.

Mkunga akaingia, akainyakua maikrofoni kutoka mkononi mwa mumewe. Koleo hakushindana naye. Alinyoosha kidole tu, akazima swichi ya umeme ukutani, akabaki ameifunika kwa kiganja mpaka mkewe alipoiweka maikrofoni chini.

"Unataka watupokonye mitambo?" akamuuliza. "Halafu utamsikia wapi?"

Mkunga akarudi jikoni na kitambaa chake cha vyombo.

Mwezi uliofuata chama kiliamua kwenda mwambani kwenyewe, kufungua kituo cha siku mbili chenye antena ndefu na jenereta, ili wale walioikosa foleni wapate nafasi. Kibali kilitoka siku ileile kilipoombwa. Mkunga aliomba nafasi kwenye boti, akajibiwa kwamba viti vyote ni vya waendeshaji wenye leseni. Hakubishana. Alinunua dumu jipya la lita ishirini, akalisuuza mara kadhaa mpaka harufu ya plastiki ikaisha, akalijaza maji aliyoyachemsha na kuyapoza, akafunga kifuniko na kukizungushia kitambaa. Alilibeba mwenyewe kichwani mpaka gatini.

"Hili ni la baba," akamwambia mumewe. "Peke yake. Ukifika tu, kabla hamjafungua kitu kingine."

"Kwani mimi mtoto?" akasema Koleo, akalipokea kwa mikono miwili.

Siku zile mbili mkunga alizalisha watoto watano, mmoja akiwa ametanguliza miguu, na wote walilia vizuri. Kila alipopata nafasi alipanda ngazi za zahanati mpaka juu na kutazama baharini. Aliona mlingoti mwembamba umesimama kando ya mnara. Aliona pia watu wadogo wanatembea. Mmoja wao alikuwa anatembea polepole kuliko wengine.

Koleo alirudi Jumapili alasiri, amebabuka pua kwa jua, amefurahi. Alikuwa na begi mgongoni na dumu mkononi. Alilitua jikoni kwa kishindo, na mkunga akajua kwa kishindo hicho kwamba limejaa.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Mmefanana paji la uso. Mtu mwema sana, alitushikia waya tulipokuwa tunasimamisha mlingoti, hata kulalamika hakulalamika."

"Kwa nini dumu limejaa?"

Koleo akavuta kiti. Alieleza kwamba upepo wa kule si mchezo. Mlingoti ulikuwa unayumba, mawe ya mwamba ni ya mviringo na hayakai, na kitu pekee kizito chenye mkono wa kufungia kamba kilikuwa dumu. Wakalifunga. Mzee alikuja akalitazama, akauliza kama ni maji. Wakamwambia ni yake, ametumiwa na bintiye, asubiri tu wamalize kazi, maana likipungua uzito antena inaanguka na watu dunia nzima wanangoja. Akasema sawa. Akakaa chini kando yake, akaliegemea, akawa anaendesha kituo akiwa hapo hapo, vizuri mno, kuliko wao wote. Siku ya pili mchana bahari ikachafuka, nahodha akapiga honi, wakakusanya vitu haraka haraka.

"Si ungeliacha!"

"Ni dumu jipya," akasema Koleo. "Ningeliacha ungeniuliza liko wapi."

Mkunga akafungua kifuniko. Maji yalikuwa safi. Alipoweka kiganja ubavuni mwa dumu, upande mmoja ulikuwa na unyevunyevu wa chumvi, mpana kama mgongo wa mtu. Akaketi sakafuni akaegemea upande ule ule. Koleo akangoja kidogo, akaona hainuki, akaenda kuoga.

Sherehe ya tuzo ilifanyika ukumbi wa bandari, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Mkuu wa bandari alimkabidhi Koleo ngao yake ya shaba, wakapeana mikono wakitazama kamera. Kisha katibu akatangaza kwamba kamati imeona vyema kutoa ngao ya pili, ya mwendeshaji bora wa mwaka, kwa mlinzi wa mnara, ambaye kwa sababu zinazoeleweka hakuweza kufika. Binti yake akaitwa kumpokelea, akaombwa aseme maneno machache.

Mkunga akasimama mbele ya maikrofoni. Hii haikuhitaji leseni.

"Baba yangu alikufa kwa kiu," akasema. "Boti yake ya maji ilichukuliwa kwenda kutembeza wageni. Aliyeichukua ni huyu hapa. Na wote mliokwenda mwambani mlimnyima maji mara ya pili."

Watu walisikiliza kwa heshima. Wengine waliinamisha vichwa. Mkuu wa bandari aliivuta maikrofoni upande wake taratibu.

"Ni kweli kabisa alivyosema dada yetu," akasema. "Na hata hivyo, ndugu zangu, mzee hakuacha kituo chake."

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Makofi yalidumu kiasi kwamba wahudumu waliokuwa wanaingia na trei za soda walilazimika kusimama ukutani kungoja.

Asubuhi iliyofuata Koleo alitoka kwenda kutafuta misumari ya kutundikia ngao. Mkunga akaingia chumba cha redio, akawasha mashine, akazungusha kitufe kama alivyomwona mumewe akizungusha. Foleni ilikuwa ndefu. Alisikia sauti za watu kutoka kila pembe ya dunia, na katikati yao sauti ya baba yake, haina kikohozi tena, inakwenda kwa mwendo mmoja kama cherehani. Akasubiri pengo, akabonyeza.

"Baba. Ni mimi."

"Nakupata. Tano tisa."

"Ni mwanao, baba. Nimekuwa mkunga."

"Tano tisa, asante. Anayefuata."

"Baba, bado una kiu?"

"Foleni ni ndefu, bibi," mzee akasema, bila ukali. "Waachie na wenzako."

Mtu mmoja wa mbali, kwa Kiswahili cha kujifunzia vitabuni, akamwomba radhi na kumkumbusha kwamba amekwishapata zamu yake. Mkunga akaachia kitufe.

Alisomea leseni miezi sita, jioni baada ya zamu, akafaulu mtihani kwa alama nzuri kuliko alizopata mumewe enzi zake. Jumapili asipokuwa na zamu ya asubuhi huketi chumbani mle na kuingia kwenye foleni kama watu wengine. Siku ya mawimbi mazuri hufikiwa kabla ya saa sita. Humtajia baba yake alama yake ya wito, hupewa tano tisa, naye humpa tano tisa, kisha huenda kuvaa gauni la kazi. Jumapili iliyopita mzee mmoja wa nchi ya barafu alimpisha mbele yake kwa adabu, akamtia moyo asikate tamaa, kwa sababu mnara ule, alisema, ndio uliomsumbua na yeye kuliko yote, na ngao ukishaipata unasahau shida zote.